Mtoto anapoharisha: mwongozo kamili kwa wazazi wa Kigoma, kuanzia choo cha kwanza hadi anaporudi kula

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi kumi na mmoja alipoanza kuharisha, nyumbani kwetu Ujiji, msimu wa mvua. Kufika saa nane za usiku alikuwa ameshachafua nguo mara sita. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kumrudishia anayeharisha maji mwilini, ilikuwepo ndani. Nikaifungua, nikaimimina yote kwenye kikombe cha chai, nikakoroga. Niliamini dawa ikiwa kali ndiyo itafanya kazi upesi. Mtoto akameza vijiko viwili, akatapika, akazidi kulilia maji. Shangazi yangu, muuguzi mstaafu, alikuwa amelala kwetu siku hiyo. Akachukua kijiko, akaonja, akatema. "Mwanangu, hii ni chumvi tupu. Unamkausha mtoto." Akamwaga kikombe kile, akaniambia nimletee chupa ya maji ya lita moja.

Siku hizi mimi ni mhudumu wa afya wa jamii, na kosa lile lile nalikuta kwenye nyumba za Mwanga, Gungu na Kibirizi, kwa akina mama na akina baba wanaowapenda watoto wao kama nilivyompenda wangu. Ndiyo maana naandika. Kuharisha kwenyewe siko kunakoua watoto wengi. Kinachoua ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini bila kurudishwa. Kazi ya kuvirudisha inaanzia nyumbani, mkononi mwako, na choo cha kwanza cha majimaji ndicho saa ya kuanza.

Kwanza hakikisha kweli ni kuharisha

Mtoto anaharisha akipata choo chepesi au cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Mtoto mchanga anayenyonya tu anaweza kuchafua nepi mara nyingi kwa siku, choo laini cha rangi ya njano, na akawa mzima kabisa. Kwake angalia mabadiliko: choo kimekuwa maji kuliko kawaida yake, au ni mara nyingi kuliko alivyozoea. Ukiona hivyo kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, usianze majaribio ya nyumbani. Mnyonyeshe na umpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Kwa nini sukari, kwa nini chumvi

Wazazi wengi wananiuliza: maji matupu si yanatosha? Hayatoshi. Utumbo unaoharisha unapitisha maji bila kuyashika. Lakini sukari na chumvi zikifika pamoja kwa kiasi sahihi, ukuta wa utumbo huzipokea zote mbili kwa wakati mmoja, na maji huzifuata kuingia mwilini. Sukari kwenye ORS haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Bila yake chumvi haiingii vizuri, na bila chumvi maji hayabaki.

Ndiyo maana pia vipimo havichezewi. Sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini kuja tumboni na mtoto anaharisha zaidi. Chumvi ikizidi inaweza kumletea degedege. Soda na juisi za madukani zina sukari nyingi mno kwa mtoto anayeharisha, kwa hiyo hata akililia soda, usimpe.

Dawa hii ilithibitisha nguvu yake kambini. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipougua kipindupindu huko India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya dripu. Akachanganya chumvi na sukari kwenye maji, akawakabidhi ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban wagonjwa 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Waliokuwa wanashika vikombe ni akina mama na akina kaka, watu kama sisi. Hapa kwetu, mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kijiji cha Kagunga na meli ya MV Liemba ikawa inawavusha kuja Kigoma mjini, kipindupindu kililipuka na maelfu waliugua. ORS ilikuwa miongoni mwa dawa zilizookoa watu.

Hatua ya kwanza: changanya ORS ipasavyo

Nawa mikono kwa sabuni. Soma pakiti inasema ichanganywe na maji kiasi gani. Nyingi zinazotolewa kwenye zahanati zetu ni za lita moja, lakini madukani zipo pia za maji machache zaidi, kwa hiyo soma kila mara. Ukiwa na chupa ya maji ya dukani ya lita moja, kipimo unacho. Kama chupa zako ni za nusu lita, tumia chupa mbili.

Maji yawe yamechemshwa yakapoa, au yametiwa vidonge vya klorini kama maelekezo yanavyosema. Mimina pakiti yote kwenye maji yote, tikisa mpaka unga wote uyeyuke, uonje kabla ya kumpa mtoto. Yanatakiwa yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, kuna mahali umekosea. Mwaga uanze upya. Usigawe pakiti nusu leo nusu kesho, usiongeze sukari, usichanganye na maziwa wala chai. Funika chombo. Yakifikisha saa 24, yaliyobaki yamwage hata kama ni mengi, uchanganye mapya.

Kama pakiti hakuna na duka limefungwa, tengeneza ya kuvukia usiku: maji safi lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisawazishwe kwa kisu, kisiwe na kilima. Ukitumia chumvi ya mawe isage kwanza iwe unga, la sivyo kipimo kitakudanganya. Onja kama nilivyosema. Hii ni ya kuvukia tu; asubuhi tafuta pakiti.

Hatua ya pili: mnyweshe kidogokidogo, usichoke

Baada ya kila choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo mpaka nusu ya kikombe cha mililita 200. Mwenye miaka miwili na kuendelea apewe mililita 100 hadi 200. Akitaka zaidi, mpe.

Namna ya kumpa ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mpakate akiwa ameinuliwa kichwa, asilale chali. Chota kijiko kimoja cha chai, mtie mdomoni, subiri ameze. Baada ya dakika moja au mbili, kijiko kingine. Ukimpa kikombe akagugumia kwa kiu, tumbo linashtuka na vyote vinarudi. Akitapika, usikate tamaa na wala usihitimishe kwamba dawa imemkataa. Subiri dakika kumi, kisha anza tena, taratibu kuliko mwanzo, kijiko kila baada ya dakika mbili au tatu.

Hebu niwaonyeshe vijiko hivi vinafikia wapi. Mtoto mwenye dalili za kuishiwa maji hupewa kituoni mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake, ndani ya saa nne. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mililita 600. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo ni vijiko 120, kimoja kila dakika mbili kwa saa nne. Usiku ule shangazi alinikalisha kwenye mkeka, mgongo ukutani, mtoto kifuani, saa ya simu mbele yangu. Tulikuwa tunapokezana. Kila kijiko kilionekana si kitu. Karibu na alfajiri mtoto alilia, na nikaona chozi likishuka shavuni. Shangazi akaligusa kwa kidole, akasema, "Maji yamerudi." Asubuhi alikojoa kwenye khanga yangu, nami nikamshukuru Mungu kwa mkojo ule.

Baba yupo nyumbani? Naye ashike kijiko. Saa nne ni ndefu kwa mtu mmoja ambaye hajalala.

Anayenyonya anyonye, tena mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Maziwa ya mama ni maji, ni chakula na ni kinga. Nimekutana na akina mama walioambiwa wamwachishe ziwa kwa sababu maziwa "yameharibika" au "ni ya moto". Maziwa ya mama hayaharibiki yakiwa kifuani. Mtoto wa chini ya miezi sita mpe ziwa kwanza, kisha ORS kwa kijiko katikati ya kunyonya.

Hatua ya tatu: zinki, na usiikatishe

Ukienda kuchukua ORS, omba na vidonge vya zinki. Hupunguza siku za kuharisha na ukali wake, na humkinga mtoto asirudiwe kwa miezi miwili mitatu inayofuata. Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 20 na kinayeyuka. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa nusu kidonge kwa siku. Wa miezi sita na zaidi hupewa kizima. Weka kwenye kijiko, tia maji safi kidogo au maziwa ya mama uliyokamua, kiache kiyeyuke, mpe.

Kosa ninalolikuta zaidi: siku ya tatu mtoto amepona, mama anaacha. Zinki hutolewa siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakuwa kigumu. Kinga ile ya miezi ya mbele inajengwa na siku hizo za mwisho.

Hatua ya nne: asinyimwe chakula

Wazee wetu walisema tumbo lipumzishwe. Kwa upendo wote ninaowapa wazee, hapa hapana. Mtoto anayeharisha anapoteza nguvu kila saa, na tumbo tupu linachelewa kupona. Aliyekwisha anza chakula aendelee na kile alichozoea, kiwe laini, kidogokidogo, kila baada ya saa tatu au nne.

Kigoma tuna bahati. Uji mzito kiasi, tia kijiko kimoja cha chai cha mawese. Yanaongeza nguvu, na mawese mekundu yana vitamini A. Ndizi mbivu iliyopondwa inarudisha potasiamu iliyotoka na choo. Dagaa walioanikwa vizuri, ukawaosha, ukawakaanga kidogo na kuwasaga unga, kijiko chake kwenye uji kinampa protini bila kumsumbua kutafuna. Sombe (kisamvu) laini ni nzuri, mradi majani yametwangwa na kupikwa mpaka yakaiva kabisa. Usimpe uji uliolala. Uji wa asubuhi uliokaa kwenye chupa mpaka jioni ni njia mojawapo kubwa ya maradhi haya.

Dalili za kumpeleka sasa hivi

Mwangalie kila saa, na umwangalie kwenye mwanga. Macho yameingia ndani? Akilia kuna machozi? Ulimi una mate au umekauka? Amekojoa mara ya mwisho lini? Kisha shika ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu kwa vidole viwili, ivute, iachie. Ya mtoto mwenye maji ya kutosha inarudi papo hapo. Ikisimama kidogo kabla ya kurudi, maji yamepungua. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili, hali ni mbaya sana.

Usisubiri asubuhi ukiona lolote kati ya haya:

- hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu
- amelegea, analala hovyo, ni mgumu kuamka, au amepata degedege
- ngozi inachelewa kurudi, macho yameingia ndani, hakojoi
- choo kina damu
- choo ni maji tupu kama ya kuoshea mchele, mengi na mfululizo. Hiyo inaweza kuwa kipindupindu

Homa nayo haitaki kusubiriwa. Mikoa yetu ya Kigoma na Tabora ina malaria nyingi, na malaria ya mtoto inaweza kuja na kuharisha na kutapika. Mtoto mwenye joto apimwe malaria siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ya malaria kwa kukisia. Na kuharisha kukifika siku 14, hata kama mtoto anacheza, lazima aonwe na mtaalamu.

Kama uko Mwamgongo, Kagunga au kijiji chochote ambacho njia yake ni boti, ondoka mapema kuliko mtu wa mjini, na usiondoke mikono mitupu. Chupa ya ORS na kijiko viwe mkononi, umnyweshe njia nzima, awe kwenye boti, bodaboda au mgongoni. Anayenyonya anyonye humo humo. Safari ya saa tatu bila kijiko inaweza kumfikisha mtoto akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Chukua na kadi ya kliniki. Sera ya nchi ni kwamba matibabu ya watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali hayalipiwi, kwa hiyo uhaba wa fedha usikuzuie kwenda.

Mambo ambayo naomba uyakatae

Dawa za amiba na antibayotiki za kununua dukani kwa kila kuharisha. Kuharisha kwingi kwa watoto husababishwa na virusi, na dawa hizo haziviui. Choo chenye damu kinahitaji dawa, lakini ile itakayochaguliwa kituoni. Vidonge vya kufunga choo ni hatari kwa watoto wadogo. Vinazuia kinachotoka huku ugonjwa ukiendelea ndani.

Utosi uliobonyea si ugonjwa unaojitegemea wa kupakwa dawa juu ya kichwa. Ni ishara kwamba maji yamekwisha mwilini. Dawa ya utosi huo inapitia mdomoni, na ukiuona mpeleke mtoto kituoni huku unamnywesha.

Meno kuota hakumharishi mtoto. Umri huo huo ndio anaotambaa na kutia kila kitu mdomoni, ndiyo maana mambo hayo mawili yanakutana.

Hili linaniumiza zaidi: "meno ya plastiki". Mtoto ana homa na anaharisha, mtu anafunua ufizi, anaona vidoto vyeupe, anasema hayo ndiyo yanayomuua, yang'olewe. Vidoto vile ni meno yake halisi yanayojiandaa kutoka. Kuyachokonoa kwa kitu chenye ncha kunamwaga damu ya mtoto ambaye tayari ameishiwa maji, na kunaweza kumtia pepopunda na vijidudu kwenye damu. Hata anayekuambia akiwa mama mkwe, pokea ushauri wake kwa heshima, kisha mbebe mtoto uende zahanati. "Sawa mama, ngoja kwanza akapimwe" ni jibu lisilomvunjia mtu heshima.

Na mama anayeambiwa amembemenda mtoto, asijifiche ndani kwa aibu. Nimeona siku mbili zikipotea wakati familia inatafuta nani kafanya nini, huku mtoto anakauka kitandani. Maneno hayo yasubiri. Mtoto anyweshwe.

Kuzuia asirudiwe

Maji ya Ziwa Tanganyika ni mazuri kwa macho. Ukisimama Bangwe unaona mawe chini kabisa. Lakini vijidudu havionekani kwa macho, na mvua zinapoanza kunyesha huosha vyoo na majalala kuteremka ziwani na visimani. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa, yahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, au chota kwa kata yenye mpini mrefu ili mkono usiguse maji.

Nawa kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Sabuni ikiisha, majivu yanasaidia. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni. Wengi wanakichukulia kama si kitu kwa kuwa ni cha mtoto, kikamwagwa nyuma ya nyumba, kumbe kina vijidudu kama cha mtu mzima, na kuku na nzi wanakirudisha jikoni.

Achana na chupa za chuchu. Ni ngumu kuziosha mpaka ndani. Kikombe kidogo na kijiko vinatosha.

Kliniki usikose. Chanjo ya rota inatolewa nchini tangu 2013, matone ya mdomoni katika wiki ya 6 na ya 10, na inakinga dhidi ya kirusi kinachoharisha watoto wadogo vibaya kuliko vingine. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na 18. Surua nayo huacha nyuma kuharisha kubaya. Kuanzia miezi sita mtoto apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na akifikisha mwaka mmoja, dawa ya minyoo.

Akishapona

Kwa wiki mbili mbele muongezee mlo mmoja kila siku, juu ya ile aliyozoea, ili arudishe uzito aliopoteza. Kisha mpeleke akapimwe uzito, mwombe muuguzi akuonyeshe alama kwenye kadi. Mstari ukipanda, umefanikiwa. Ukibaki pale pale au ukishuka, usisubiri mwezi mwingine. Uliza lishe yake siku hiyo hiyo, na mweleze muuguzi aliharisha lini na kwa siku ngapi.

Na kabla hujatoka kituoni, omba pakiti mbili za ORS za kuweka nyumbani. Zangu nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kijiko na chupa tupu ya lita moja, juu ya kabati, mahali ambapo hata dada wa kazi anaweza kuzipata gizani.